Pasi ya Shangazi

Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikichomekwa kwenye inverta ya wati 500, inverta haibishani nayo. Hulia mara moja, hujizima, na kila kilichokuwa kikila umeme wake huzimika pamoja nayo. Taa utaiwasha baadaye. Simu iliyokuwa ikichajiwa itasubiri. Lakini kinanda kilichokuwa katikati ya kubadilishiwa programu yake ya ndani ni msiba mwingine, na msiba huo uliingia nyumbani kwetu Juani mwezi wa Mfunguo Mosi, harusi ya wifi yangu mdogo ikiwa imeshakaribia.

Anayekuja kwetu hushuka Utende, kwenye kisiwa kikubwa cha Mafia, hupanda boti, huipita Chole, ndipo huiona Juani. Wageni wengi hufuata magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska katika karne ya 19, au kasa wanaotaga kwenye fukwe zinazotazama bahari kuu. Nyumbani kwetu umeme ni wa jua: paneli juu ya bati, betri ya volti 12 ndani ya sanduku la mbao, inverta ukutani sebuleni. Umeme huo unatosha taa, simu, redio na kinanda. Nguo tunapiga pasi ya makaa, na hakuna aliyewahi kuona upungufu.

Kinanda ni cha mume wangu kwa jina, lakini ukweli ni kwamba ni cha ukoo mzima. Alikinunua Kariakoo kikiwa kimeshatumika, vitufe 61, akakisafirisha hadi Nyamisati na kukivusha kwa kivuko mpaka Kilindoni kikiwa kimefungwa kwa blanketi na nailoni, yeye amekaa kando yake njia nzima. Mchana ni mvuvi. Usiku wa harusi ndiye anayeitwa, Juani, Chole, hata Jibondo. Tangu miaka ya 1990, kikundi cha East African Melody kilipoonyesha kwamba vinanda vya umeme na waimbaji wachache vinaweza kujaza ukumbi, taarabu haikuhitaji tena safu ya wapiga fidla ili iitwe taarabu. Kwa visiwa vidogo hiyo ilikuwa neema. Kijiji kisichoweza kumlisha na kumlaza kila mpigaji wa kundi kubwa kama Ikhwani Safaa kinaweza kumpata mtu mmoja mwenye kinanda, mpiga dumbaki na mama wawili wenye sauti.

Ila kinanda cha taarabu si kinanda chochote. Kile cha kawaida kinajua sauti nzima na nusu sauti, basi. Nyimbo zetu nyingi zinapita katikati, pale ambapo nyuzi za kanuni na udi hufika bila taabu na kidole cha mpiga kinanda hakifiki, kwa sababu hakuna kitufe. Vinanda vingine huruhusu kila sauti ishushwe kidogo kidogo, nusu sauti moja ikigawanywa vipande 100. Ukiishusha mi vipande 50, umepata robo inayoyafanya mahadhi ya bayati yawe bayati. Mume wangu aliwekewa mpangilio huo na mpigaji mmoja wa Unguja, kisha akaongeza wa kwake, wimbo hadi wimbo, akiihifadhi yote ndani ya kinanda. Kila kitufe cha kumbukumbu kilikuwa na jina la wimbo kichwani mwake.

Sasa, mbona kinanda chenye mali hiyo kikaguswa? Kwa sababu kilikuwa kinaganda. Ukikichomekea flashi yenye nyimbo nyingi kilisimama kimya katikati ya kazi, na kimya katikati ya harusi ni aibu ya mpigaji. Mtoto wa shemeji yangu, aliyemaliza kidato cha nne na anayekaa kwetu, alisoma kwamba watengenezaji wametoa sasisho linaloondoa kasoro hiyo. Alimwomba baba yake mdogo ruhusa, akapewa. Alipakua faili, akaliweka kwenye flashi, akachomeka, akafuata hatua. Asilimia zikaanza kupanda kwenye kioo. Kijana akakaa chini mbele ya kinanda, mikono magotini, hata hapumui sawasawa.

Chumba cha pili alikuwamo shangazi, dada yake marehemu baba mkwe, aliyewasili jana yake kutoka Dar es Salaam. Shangazi ndiye mwenye kauli katika harusi ya binti wa kaka yake. Alikuja na sanduku la nguo za biharusi, mafuta, udi, na pasi yake mpya, kwa kuwa hakutaka cheche ya makaa iguse hariri. Aliona soketi, akachomeka. Kwa betri ya volti 12, wati 1,000 ni zaidi ya ampea 80. Inverta ikalia, ikazima, na kijana akapiga ukelele mmoja uliowatoa watu jikoni.

Inafaa kueleza kwa nini kuzimika dakika ile ni tofauti na kuzimika dakika nyingine yoyote. Programu ya kinanda inakaa kwenye kumbukumbu ya aina ileile iliyomo ndani ya flashi tunazotembea nazo mifukoni, ambayo Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliitangaza mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo haibaki wazi umeme ukikatika, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini haikubali kuandikwa juu ya maandishi: lazima fungu zima lifutwe kwanza, ndipo jipya liandikwe. Kwa hiyo katikati ya sasisho kuna wakati ambapo ya zamani haipo tena na mpya bado haijakamilika. Umeme ukikatika hapo, kinanda kinaamka hakina cha kusoma.

Chetu kiliamka hivyo. Ukibonyeza swichi, taa ndogo zote za mbele ziliwaka kwa pamoja, zikazima, na kioo kikabaki kina mwanga bila herufi hata moja. Vitufe vilikuwa vimekufa.

Nyumba iligawanyika. Mume wangu alimpigia fundi wa redio ng'ambo, na fundi, bila kukiona, akasema bodi imeungua, itafutwe nyingine Dar. Mume wangu akaanza kutafuta lile blanketi la safari. Mkwe mwingine akasema tukodi kikundi kutoka Kilindoni, na hesabu ya boti, chakula na ujira wao ikaanza kufanywa kwa sauti ya chini. Kijana hakula. Alikaa nyuma ya nyumba chini ya mbuyu, na hakuna aliyemfokea, na hilo likamzidishia uchungu. Kuhusu pasi hakuna aliyesema neno. Nani amwambie shangazi, tena mgeni, tena nyumbani kwa kaka yake?

Mama mkwe ndiye aliyesema. Mawifi wana haki zao.

“Wifi yangu, pasi yako imetuzimia harusi.”

Shangazi alishika kifua. “Mimi?”

“Wewe. Kaa hapa nikueleze, kisha tutafute dawa.”

Nilimpenda mama mkwe kwa neno lile la mwisho. Shangazi hakukasirika. Aliichomoa pasi, akaizungushia waya wake, akairudisha sandukuni mwenyewe, akasema makaa yako wapi. Kuanzia hapo nyumba ilianza kufikiri badala ya kulaumiana kimoyomoyo.

Na aliyefikiri vizuri kuliko wote alikuwa kijana. Jioni alinijia jikoni. “Mama mdogo, kingekuwa kimeungua, taa zisingewaka zote kwa pamoja. Kuna kitu ndani kinaziwasha.”

Alikuwa sahihi, na ninaandika haya yote kwa ajili ya sentensi yake ile. Vifaa vingi vya namna hii vina programu mbili. Kubwa ndiyo yenye sauti, midundo na kila unachokiona kwenye kioo. Hiyo ndiyo inayosasishwa. Ndogo hutangulia: umeme ukiingia, yenyewe ndiyo huamka kwanza, huwasha taa, hukagua, kisha huikabidhi kazi ile kubwa. Mtengenezaji mwenye busara huiweka mahali ambapo sasisho haliruhusiwi kufika. Ni kama mtu wa zamu anayelala mlangoni: nyumba inaweza kuteketea ndani, yeye bado yuko nje na anaweza kupokea mzigo mpya, mradi umwite kwa ishara anayoijua. Kilichokuwa kimetoweka kwetu kilikuwa programu kubwa. Bodi ilikuwa nzima.

Ishara hutofautiana kifaa hadi kifaa, na si jambo la kubahatisha. Mara nyingi ni vitufe viwili au vitatu vinavyoshikwa kwa pamoja huku ukiwasha swichi. Mume wangu alikuwa amekihifadhi kitabu cha kinanda chini ya godoro, ndani ya nailoni. Mimi nafundisha shule ya msingi na Kiingereza nakisoma. Tulikaa mkekani mimi na kijana, taa ya sola katikati, tukakipitia mpaka kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezifikia. Ishara ilikuwamo. Tukawasha huku tumeshika. Kioo kilichokuwa kitupu kikaandika mstari mmoja: chomeka flashi.

Mume wangu alisimama mlangoni akausoma mstari ule, akatoka nje. Nilimsikia akimwita mama yake.

Mtu angedhani hapo kazi imekwisha. Kwanza, kinanda hakikuiona flashi. Kijana alikuwa ametumia kwa mara ya kwanza flashi ndogo ya kuazima ambayo mwenyewe alishaondoka nayo, na sasa tulikuwa na kubwa, ya gigabaiti 64. Kubwa hizo hupangwa kiwandani kwa mfumo ambao vinanda vingi vya umri wa chetu havikufundishwa kuusoma, vinajua FAT32. Mtu wa zamu ana akili chache kuliko hata programu kubwa, kwa hiyo ukimpa asichokijua anakaa kimya tu, wala hasemi kosa ni lipi. Ilihitajika flashi ya zamani, ya gigabaiti nne au nane, na ilihitajika kompyuta ya kuipanga upya.

Flashi ikapatikana kwa mama mkwe, ndani ya kopo la pini za kanga, na ndani yake mlikuwa na picha za mazishi ya baba mkwe. Kompyuta ikapatikana kwa jirani anayewatembeza wageni Kua. Ana laptopu yake ya kazi. Alikuja nayo mwenyewe. Picha zikanakiliwa kwanza, zikafunguliwa moja moja mbele ya mama mkwe mpaka aliporidhika kwamba zipo, ndipo flashi ikafutwa. Jirani alitaka kuharakisha. Mama mkwe hakukubali, na alikuwa na haki.

Faili nalo lilitusumbua. Kijana aliposhusha upya kwa simu, upande wa nyumba unaoelekea Chole ambako mtandao hushika, bando likakatika njiani na faili likafika pungufu. Kwa macho huwezi kulijua pungufu. Jina ni lilelile. Ukurasa wa watengenezaji ulitaja ukubwa wake kwa baiti, nasi tukalinganisha tarakimu kwa tarakimu, yeye akisoma mimi nikiandika. Lililokamilika lilipofika, simu ikawa imeliongezea kwenye jina mabano na namba, kwa kuwa lilikwishashushwa kabla. Mtu wa zamu anatafuta jina moja tu, herufi kwa herufi. Tukalirudishia jina lake. Tena lilikuwa limefungashwa, likafunguliwa. Tena halitakiwi kukaa ndani ya folda yoyote, bali peke yake, mwanzoni kabisa mwa flashi. Kila moja ya hatua hizi ingeweza kumrudisha mume wangu kwenye blanketi lake, kwa sababu kila kosa linatoa jibu moja, nalo ni kimya.

Halafu umeme. Hapa tulibishana kweli, mume wangu na mimi. Yeye alitaka inverta iondolewe kabisa, kinanda kifungwe moja kwa moja kwenye betri, kwani adapta yake ni ya volti 12 na betri ni ya volti 12. Kwa kusikia ni sawa. Lakini betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa na paneli kwenye jua la mchana hupanda kupita 14, na kinanda kilichotengenezwa kwa 12 hakikuahidi kuvumilia. Pili, plagi za vinanda hazifanani: nyingine chanya iko katikati, nyingine iko pembeni, na ukigeuza umeua ile bodi ambayo mpaka sasa ilikuwa nzima. Nilikataa. Akasema mimi si fundi. Nikamwambia ndiyo maana sitaki kubahatisha. Alinyamaza, kisha akasema inverta ibaki.

Tukangoja jua. Tulianza saa nne na nusu asubuhi, betri imejaa, mbingu safi. Kila kitu kilichomolewa, hata redio. Kinanda hakili hata wati 20. Kikiwa peke yake inverta inapumua kwa raha. Shangazi akajitolea kulinda soketi. Alivuta kiti sebuleni, akakaa mgongo umeiegemea ile soketi ya pili, shanga mkononi, na hakuna mtoto aliyethubutu hata kupita karibu na chaja. Kijana akashika vitufe, mume wangu akawasha, flashi ikachomekwa. Mstari ukabadilika. Asilimia zikaanza kupanda, polepole mno, na mahali pamoja zikasimama muda mrefu. Mume wangu akanyoosha mkono kuelekea swichi. Kijana, kwa mara ya kwanza maishani, akaushika mkono wa baba yake mdogo.

“Subiri, baba. Kinaandika.”

Kilikuwa kinaandika. Kilipomaliza kilijizima, tukakiwasha bila kushika chochote, na nembo ikatokea kwenye kioo. Mume wangu akapiga kitufe kimoja, do ya katikati, akakiacha kidole pale mpaka sauti ikaisha yenyewe.

Kisha akabonyeza kitufe chake cha kwanza cha kumbukumbu, na hapakuwa na kitu. Cha pili, vivyo hivyo. Kinanda kilikuwa kimerudi kikiwa kipya, kimesahau kila alichokifundisha. Mpangilio wa yule mpigaji wa Unguja, nyimbo za Chole, za Jibondo, vyote vimefutwa pamoja na fungu lililofutwa. Nakala haikuwepo. Sauti ilikuwa imerudi, lakini taarabu ilikuwa haijarudi, na harusi ilikuwa keshokutwa.

Alijaribu kuweka vipande 50 alivyovikumbuka. Ikawa bayati, na haikuwa bayati yake. Alipiga, akaacha, akapiga. Mama mkwe alikuwa uani anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akaingia, akaketi kitandani karibu na kinanda.

“Hapo chini mno,” akasema.

Wengi hawajui kwamba mama huyu aliimba. Kabla hajaolewa aliimba kasida na taarabu katika harusi za Mafia, na alipokuwa mdogo watu wazima wa wakati ule walimfundisha nyimbo walizozipata kwenye santuri za akina Siti binti Saad, yule aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Hajui vipande 100 ni nini. Anajua sauti ilipo. Mume wangu alipandisha, yeye akaimba mstari mmoja polepole, akatikisa kichwa. Akapandisha tena. Akaimba. “Umepita. Rudi.” Kijana alikuwa akiandika kila namba kwenye daftari langu la shule. Walipofika mahali mama akaimba mstari mzima bila kusimama, kioo hakikuonyesha 50. Kilionyesha 43. Kwa si ilikuwa namba nyingine, na kwa wimbo uliofuata mi yenyewe ikahitaji kupanda kidogo.

Sikushangaa sana baadaye nilipokumbuka kwamba mwaka 1932, kwenye Kongamano la Muziki wa Kiarabu mjini Cairo, wanamuziki na wataalamu waliojaribu kuigawa ngazi ya sauti kwa robo zilizo sawasawa walishindwa kuafikiana, kwa sababu walioimba hawakuimba robo zilizo sawasawa. Suala la piano liliwasumbua vilevile. Mama mkwe angewajibu vizuri. Mpangilio wa yule wa Unguja ulikuwa mzuri, nami sitaudharau, lakini ulikuwa wa robo zilizo sawasawa. Huu wa sasa umepimwa na koo la mtu aliyeimba hizi nyimbo hapa, katika bahari hii, kabla kinanda cha kwanza cha umeme hakijavuka kuja Juani. Nasema bila kusita kwamba ni bora kuliko uliopotea.

Walifanya kazi ile mpaka usiku, wimbo baada ya wimbo, betri ikishuka na shangazi akituhimiza tuzime taa tutumie kandili. Kila mpangilio ulipohifadhiwa kijana aliunakili papo hapo kwenye flashi, akaipeleka kwa jirani, ukaingia kwenye laptopu. Namba zenyewe ziko kwenye daftari kwa wino, kurasa mbili, na sitaruhusu daftari lile lirudi shuleni.

Harusi ikapigwa. Biharusi alivaa hariri iliyonyooshwa kwa makaa, bila alama hata moja. Wimbo wa bayati ulipofika kati, akina mama wa Chole walioinuka kutunza walimpita mwimbaji, wakaenda kumtunza mama mkwe alipokaa, kwa kuwa walikuwa wamesikia. Shangazi alirudi Dar na pasi yake, na kijana akampa karatasi yenye jina la inverta kubwa zaidi endapo atataka kutuletea zawadi. Ameahidi, na ahadi yake huwa ahadi.

Mama mkwe hajaridhika. Anasema mahadhi ya rasti bado hayajakaa sawa, si iko juu, na kuna kasida tatu hazijaguswa. Tumepanga kuendelea maji yakiwa mafu, mume wangu asipokuwa na sababu ya kwenda baharini mapema.